Kifaranga wa bata: dume au jike? Namna ya kumjua mapema kabla hajamaliza pumba zako

Nianze na hasara yangu, ndo utaelewa kwa nini nimekaa chini kuandika. Kuna kipindi nilinunua vifaranga 12 wa bata wa kienyeji, walikuwa na siku kama nne hivi, nikamwambia muuzaji mi nataka majike, madume wawili au watatu wanatosha, maana nia yangu mayai na kutotolesha. Jamaa akaingiza mkono kwenye boksi akaanza kuwapindua mmoja mmoja, huyu jike, huyu jike, huyu dume, huyu jike, fasta fasta kama mtu anachagua nyanya sokoni, nikasema kimoyomoyo huyu kweli fundi. Miezi minne baadae nina madume 8 na majike 4. Madume wanane! Wanapigana kutwa, wanamkimbiza jike mmoja watatu kwa mpigo, majike wote wamenyonyoka manyoya ya shingo mpaka ngozi inaonekana, mmoja jicho likavimba likaziba kabisa, na muda wote huo nimewalisha hao wanane pumba na dagaa na makombo ya jikoni. We piga hesabu mwenyewe.

Sa hivi siwezi kusema nimekuwa mtaalamu ila simnunui tena bata kwa maneno ya mtu. Nitakueleza ninavyofanya, na nianze na jambo ambalo watu wengi wanaliruka alafu wanashangaa mbona mambo hayaendi.

Jua kwanza bata wako ni bata gani. Ukiingia intaneti ukauliza dume na jike utaambiwa jike analia kwaa kwaa kwa sauti kubwa, dume ana sauti ya kukwaruza, na dume ana nyoya la mkiani limejikunja kwa juu kama nywele iliyopigwa roli. Ni kweli kabisa, ila ni kweli kwa bata mwingine, sio huyu anayezunguka uani kwako. Bata wengi wa kienyeji huku kwetu, wale wanaotembea wakitikisa mkia, wana nyama nyekundu usoni kuzunguka macho, kucha kali, na usipomkata manyoya ya bawa jike anaruka analala juu ya paa la jirani, hao ni Muscovy. Asili yao Amerika ya Kati na Kusini, wenyeji wa kule waliwafuga kabla Wazungu hawajafika. Hawa hawapigi kwaa kwaa, wala hawana nyoya la kujikunja. Ukikaa unasubiri hilo nyoya litokee utasubiri mpaka bata afe kwa uzee.

Wale wengine, weupe wenye mdomo wa njano kama rangi ya embe, hao Pekin, mtaani kwetu tunawaita tu bata maji. Wapo pia Khaki Campbell wa rangi ya udongo wanaotaga sana, na wale Indian Runner wanaosimama wima kama chupa ya soda. Hao wote ukoo wao mmoja, wametokana na bata mwitu wa kaskazini mwa dunia mwenye kichwa cha kijani. Ukitaka uhakika kama wako ni wa ukoo gani angalia hata siku za kuatamia, hawa ukoo wa Pekin wanatotoa siku 28 na Muscovy ni siku 35. Nimeona watu wanatupa mayai ya bata wa kienyeji siku ya 30 wakidhani yameharibika, kumbe kifaranga yumo ndani yuko hai kabisa, inauma kwa kweli.

Na wakichanganyika dume la kienyeji na jike la Pekin unapata chotara mkubwa mzuri wa nyama ila hazai. Kwa hao chotara alama nitakazosema hapa chini za ukubwa wa mwili hazikusaidii sana, dume na jike wanakaribiana. Ila pia haina haja ujisumbue, hao ni wa supu.

Haya sasa, njia ya kwanza ni ile ya kuangalia njia ya haja, ndo ile aliyojifanya kuifanya yule muuzaji wangu. Niseme ukweli hii ndo njia pekee inayofanya kazi kifaranga akiwa na siku moja au mbili bila kujali ni aina gani, na kwa bata ni rahisi kuliko kwa kuku. Kuku walianza kuchambuliwa hivi na Wajapani miaka ya 1920 na ni kazi ya macho ya fundi kweli, kwa sababu jogoo hana uume, ana kijinundu kidogo tu. Bata dume anao uume wa kweli, tena ukubwani unajisokota kama kizibuo cha chupa, na hata kifaranga wa siku moja tayari anao kwa udogo wake. Kwa hiyo hapa hutafuti kinundu, unatafuta kitu kinachosimama.

Siku nzuri ni ile ya kwanza mpaka ya tatu. Baada ya wiki ile misuli ya tundu inakaza na kifaranga ana nguvu, ukilazimisha unamuumiza. Nawa mikono kwa sabuni na uioshe kwa maji ya uvuguvugu, mkono wa baridi kifaranga anajikaza. Kaa chini, sio kusimama, maana akiponyoka anaanguka. Mwanga uwe wa kutosha, mimi natumia tochi ya kichwani, kabla sijainunua alikuwa mtoto ananishikia simu na kila saa mwanga unaenda ukutani.

Mshike kwa mkono wa kushoto, mgongo wake ulale kwenye kiganja chako, kichwa kielekee chini upande wa kifundo cha mkono na mkia uwe juu unakuangalia wewe. Kidole cha shahada kiusukume mkia taratibu kurudi mgongoni, yani unaukunja kwa nyuma, hapo tundu la haja linajitokeza lenyewe. Usibonyeze tumbo! Narudia tena, usibonyeze tumbo, kifaranga wa siku hizo bado ana kiini cha yai ndani ya tumbo ndo chakula chake, ukikipasua huyo hafiki kesho kutwa. Vidole gumba viwili unaviweka pembeni ya tundu, kimoja huku kimoja huku, unasukuma kidogo kwenda chini alafu unavitanua. Mara ya kwanza kitatoka kinyesi, na kitakupata usoni kama umeinama sana, hilo nakuhakikishia. Futa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu alafu urudie.

Likifunguka vizuri utaona nyama laini ya pinki ya ndani imegeuka nje kidogo. Kama ni dume kitachomoza kidude chembamba cheupe au cha pinki, kama ncha ya punje ya mchele, kimesimama upande wa tumbo. Kama ni jike hakisimami kitu, ni mikunjo mikunjo tu, wakati mwingine na kijivimbe kilicholala. Ukilegeza vidole kinarudi ndani chenyewe. Kazi yote isizidi nusu dakika, hujaona mrudishe kwenye joto, utamjaribu kesho.

Sasa hapa ndo pana siri yote na hapa ndo nilipopigwa. Ukikiona kidude, huyo ni dume, hamna ubishi. Lakini usipokiona haina maana ni jike. Inawezekana ni jike, inawezekana pia hujafungua vya kutosha. Kwa hiyo mtu asiyejua kazi akiwapindua vifaranga mia, karibu wote atakuambia majike, na wala sio kwamba anadanganya, yeye mwenyewe anaamini. Yule jamaa alikuwa anatenga manyoya kwa kidole anachungulia anasema jike. Hakufungua hata mmoja. Ukienda kununua mwambie akuonyeshe dume mmoja tu, ukione kwa macho yako, kama hawezi kukuonyesha hicho kidude kwa dume basi na majike yake usiyaamini.

Nilivyoanza kujifunza nilijaribu kwa vifaranga watano, wa nne akatoka damu kidogo, nikaacha hapo hapo nikasubiri kizazi kingine. Kama una bwana mifugo wa kata anayejua, mwombe akuelekeze kwa mikono yake, dakika kumi zake zinazidi video ishirini za kwenye simu. Watoto wakishika vifaranga wanawe mikono pia, bata anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela na mwili wake ukawa hauna shida yoyote.

Wengi hapa watasema hiyo njia siiwezi, naogopa kuua. Sawa kabisa. Kwa bata wa kienyeji subiri wiki tatu nne, jibu linaanza kuja lenyewe, na mi kwa kweli hii ndo njia ninayoitegemea.

Bata dume wa kienyeji akikua anakaribia mara mbili ya jike. Dume aliyekomaa na kulishwa vizuri anaenda kilo nne na nusu, tano, hata kuzidi, jike kilo mbili na nusu hivi au tatu. Tofauti kubwa kiasi hicho haiji ghafla siku ya mwisho, inaanza mapema. Wiki ya kwanza huoni kitu. Wiki ya tatu unaanza kuona kama wengine wamepata chakula zaidi. Wiki ya nne na ya tano ukiwaangalia wakiwa wanakunywa maji kwenye beseni wako mstari mmoja, unaona kabisa makundi mawili, wakubwa na wadogo.

Ila usiangalie mwili tu kwa juu juu, mwili unadanganya, aliyeshiba anaonekana mkubwa na kifaranga dume mwenye minyoo anaweza kubaki saizi ya jike. Angalia miguu. Mshike kifaranga, mwangalie mguu pale juu ya kidole, unene wa ule mfupa na upana wa utando. Dume mguu wake mnene kama kaazimwa kwa mkubwa wake, anautembeza kama mtu aliyevaa gambuti, utando mpana. Jike mguu mwembamba, safi, kucha nyembamba. Kichwa pia, dume kichwa kipana na mdomo mpana unaanzia juu, jike kichwa kidogo cha mviringo, ana sura ya upole kama hajui shida za dunia. Mama watoto anasema anawajua kwa sura tu na mara nyingi hakosei, mi nahitaji kushika mguu.

Alafu manyoya. Jike wa kienyeji anawahi kuota manyoya kuliko dume. Wiki ya sita ya saba utakuta dada zao wameshafunika mgongo na mabawa yanaanza kuonekana mabawa, huku madume bado wako uchi uchi mgongoni, wana mabawa mafupi kama wamevaa shati la mdogo wao. Mtu asiyejua anasema hawa wakubwa wanaumwa mbona hawaoti manyoya. Hawaumwi, ni madume. Hata wafugaji wakubwa wa Muscovy wa nyama kule Ulaya jike wanamchinja wiki ya 10 na dume wanamsubiri mpaka wiki ya 12, maana anachelewa kukamilika.

Mizani ya jikoni inasaidia sana kama unayo. Mi napima kila Jumapili jioni, nawaweka kwenye bakuli mmoja mmoja naandika kwenye daftari. Huhitaji kujua uzito unaotakiwa uwe ngapi, we angalia nani anaachana na nani. Kuna batch moja nilikuwa na vifaranga tisa, wiki ya pili wote namba zao zimefuatana huwezi kutenganisha, wiki ya tano katikati ya namba pakawa na pengo, watano huku juu wanne kule chini na katikati hamna mtu. Nilivyokuja kuthibitisha baadae hakukosea hata mmoja. Lakini hii kitu inafanya kazi kwa vifaranga waliotoka siku moja, mama mmoja, chakula kimoja. Ukichanganya wa mama wawili tofauti, au wametofautiana siku tano za kutotolewa, utajidanganya mwenyewe.

Ile nyama nyekundu ya usoni ndo watu wengi wanaisubiri, lakini hiyo inachelewa. Inaanza kuonekana vizuri miezi miwili na nusu, mitatu hivi, kwa dume inakuja nyingi na yenye vinundu hadi juu ya mdomo, kwa jike inabaki kidogo kuzunguka macho. Wakati huo na sauti nayo inakuwa imebadilika, dume wa kienyeji anatoa pumzi hhhaa hhhaa kama tairi inayovuja upepo, na kichwa anakisukuma mbele na nyuma, jike anatoa kasauti kembamba ka kutetemeka, pi-pi-pi, hasa akikuona umebeba kopo. Kabla ya hapo wote wanalia pii pii tu, usiwasikilize.

Kwa wenye Pekin, Khaki na jamaa zao, nyie sauti ndo mkombozi wenu. Kwa ndani dume ana kifuko cha mfupa pale chini ya koromeo, upande wa kushoto, ndo kinachomfanya sauti yake isifunguke. Jike hana. Kuanzia wiki ya tano mpaka ya nane jike anavunja sauti, siku moja tu unasikia KWAA bandani unadhani kuna mkubwa kaingia. Dume anahama kutoka kwenye pii pii anaenda kwenye sauti ya mtu mwenye mafua, kakhh kakhh, ya chini chini.

Namna ya kupima, usikae nje ya banda unasikiliza, wakiwa kundi huwezi kujua nani kasema. Mshike mmoja, mtoe nje mbali na wenzake, mkwapani, tembea nae hatua kama ishirini. Bata hapendi kutenganishwa na wenzake, atalalamika tu. Jike atapiga kelele mpaka jirani atoke kuangalia kama unamchinja. Dume atalalamika kwa ile sauti ya kukwaruza. Ukisikia kwaa moja ya wazi, ya nguvu, imeisha, jike huyo, mtie alama. Asiyetoa kwaa usimhukumu siku hiyo, mrudie wiki ijayo mara mbili tatu, kuna majike wanachelewa. Unaona tena, ni ile ile ya mwanzo ila imegeuka, huku sasa jike ndo mwenye ushahidi na dume unamjua kwa kukosa.

Nyoya la kujikunja mkiani linakuja wakati wa kubadilisha manyoya ya ukubwa, miezi mitatu mpaka minne, kwa hiyo kwa mtu anayetaka kujua mapema halina msaada, linathibitisha tu. Tena akipukutisha manyoya linaweza kudondoka na dume akabaki hana kwa muda. Na msilichomoe mkidhani ni uchafu, kuna kijana wangu wa kazi alifanya hivyo kwa madume wote watatu akasema bosi nimewasafisha.

Rangi nayo ina maneno yake. Kwa bata wenye rangi ya asili ya bata mwitu, mdomo wa dume unaanza kwenda kijani kijani wiki ya sita saba na wa jike unabaki kahawia au chungwa wenye weusi katikati. Kwa Pekin mweupe rangi haisemi kitu. Kwa wa kienyeji, rangi ya kifaranga, wa njano, wa njano mwenye mgongo mweusi, mweusi mtupu, haihusiani na dume au jike, isipokuwa sehemu moja ambayo nikiieleza watu wanaona kama nawatania. Kama una dume wa kienyeji mwenye rangi ya chokoleti, ile kahawia iliyokolea, ukampandisha kwa majike weusi, vifaranga wote weusi watakaotoka ni wa kiume na wote wa chokoleti ni wa kike. Wanatoka kwenye yai wakiwa wameshajitaja. Ni kwa sababu ile rangi ya chokoleti inasafiri na jinsia, mtoto wa kike anachukua ya baba yake peke yake na wa kiume anachukua ya baba na mama na ile nyeusi inafunika. Ukigeuza, dume mweusi na jike wa chokoleti, hupati hiyo faida, usije ukanilaumu. Na dume awe chokoleti kweli, sio mweusi aliyepauka kwa jua, hao wapo wengi.

Sasa tuje kwenye mambo ya pete. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima namuheshimu sana, alikuja siku moja nikiwa na mizani yangu akacheka.

"Mwanangu hivyo vyote vya nini, lete uzi na pete."

"Shikamoo mama. Pete ya nini tena?"

"Marahaba. Unaining'iniza juu ya kifaranga, ikizunguka jike, ikienda na kurudi dume. Bibi yangu hakuwahi kukosea."

Sikumbishia, nikamletea uzi. Akapima vifaranga saba, mi nikawa naandika majibu yake. Baadae alipata wanne. Nikamwambia mama umekosa watatu, akasema hiyo pete yako sio dhahabu. Basi tukaishia hapo. Ukweli ni kwamba vifaranga karibu nusu kwa nusu ni madume, hata ukibahatisha kwa kurusha shilingi utapata nusu, na kila mtu anakumbuka zile alizopatia.

Yai lililochongoka ni dume na la mviringo ni jike, hiyo nayo hamna kitu, umbo la yai linatokana na mfuko wa uzazi wa mama, mama huyo huyo anataga yote ya umbo moja na anatoa watoto wa kike na wa kiume. Kuna na wanaosema ukiongeza joto la mashine unapata madume, hapana, huyo sio mamba ambaye joto ndo linaamua jinsia yake. Kwa ndege jinsia inaamuliwa na yai la mama kabla hata halijapata ganda, kwa hiyo jike wako akitoa madume wengi usimlaumu dume. Joto likizidi unapata vifaranga waliokufa ndani ya ganda, basi. Na ile ya kushika kifaranga shingoni unaangalia kama anarusha miguu au anaikunja, tafadhali acheni, mnawatesa bure.

Manyoya ya bawa kama wanavyofanya kwa kuku, yale marefu na mafupi, kwa bata haifanyi kazi. Ile kwa kuku ni mbegu maalum imetengenezwa hivyo.

Jambo ambalo naona watu hawalipi uzito ni alama. Umeshamtambua, unamrudisha kwenye kundi, kesho hujui ni yupi, unaanza upya, unamsumbua kifaranga mara kumi. Mi nilianza na nyuzi miguuni, nyekundu majike, bluu madume. Mguu wa kifaranga unanenepa haraka sana, nilisafiri siku nane nikarudi nikakuta uzi umezama kwenye ngozi ya mmoja, mguu umevimba kama kidole cha mtu, nilikata kwa wembe na mikono inanitetemeka. Alipona ila anachechemea mpaka leo. Sa hivi natumia rangi ya kucha, ile ya kinadada ya duka la vipodozi, napaka kwenye kucha za mguu mmoja, majike mguu wa kulia na madume wa kushoto. Kila wiki napaka upya kwa sababu wanaogelea na inabanduka. Mke wangu alishaacha kuuliza chupa zake zinaenda wapi.

Ukishawajua usikae nao wote. Kwa bata dume mmoja kwa majike wanne mpaka sita inatosha, ukizidisha madume hayatagwi mayai mengi zaidi, wanachoka majike tu, na kwenye dimbwi dume mzito anaweza kumzamisha jike akafa. Na usimwache dume wa bata asiye na jike akazurura na tetea wa kuku, nimeshasema ana uume wa kweli, tetea mwili wake haujaumbwa kwa hilo, anaumia vibaya na wengine wanakufa. Madume wa ziada nawatenga kuanzia wiki ya nane, nawanenepesha wenyewe, sikukuu inawakuta tayari. Yule wa kubaki namchagua mwenye miguu iliyonyooka na asiyekimbilia kung'ata, alafu nabadilishana na mtu wa kijiji cha pili ili asipande dada zake.

Hao walioko bandani sa hivi wana wiki ya tano, wako kumi na moja. Sita wana rangi mguu wa kulia, wanne mguu wa kushoto. Mmoja nimempindua siku ya pili sikuona kitu, mizani inamweka katikati kabisa ya pengo, mguu mnene kidogo ila manyoya ameota mapema. Nimemwacha bila rangi, Jumapili nampima tena.